Mfalme aliyenakiliwa na pacha aliyebaki

"Shikamoo mwalimu. Nilijifungua mapacha wa kike, Kulwa na Doto, wote wawili wakakutwa na seli mundu. Doto alifariki akiwa na miaka tisa. Kulwa sasa yuko kidato cha pili. Likizo hii mjomba wake amekuwa akiangalia naye tamthilia ya Foundation, ile yenye wafalme watatu wa sura moja wanaotengenezwa kutoka kwenye mwili wa mfalme aliyekufa zamani. Kuna mahali mfalme mmoja anatembea jangwani ili athibitishe kwamba ana roho. Tangu siku ile mtoto hana raha. Ameniuliza kama yeye na Doto walikuwa na roho moja wakagawana, na kama ni hivyo, yeye amebaki na nini. Shangazi yake kazidisha: anasema mapacha ni roho moja na aliyetangulia humvuta aliyebaki. Mjomba anasema Ulaya matajiri wameshaanza kunakiliwa kimyakimya. Halafu kuna mtu huku Igoma, Mwanza, anadai kuna kampuni inapokea nywele za marehemu izitunze mpaka teknolojia ifike. Nywele za Doto ninazo, na jino lake moja. Naomba unieleze kitaalamu: mtu akinakiliwa, anarudi? Na roho inakuwa ya nani?"

Marahaba Mama Kulwa, na pole sana kwa Doto.

Umeuliza maswali mawili, ila chini yake kuna la tatu, na ndilo linalomnyima mtoto usingizi: je, aliyebaki ni mtu kamili? Hilo nalijibu kwanza ili usisome aya zote ukiwa na presha. Kulwa ni mtu kamili. Hakugawana roho na mtu yeyote, na hakuna anayemvuta. Cha kuogopa hapo nyumbani ni seli mundu yenyewe, nayo ina kliniki na ina dawa, nitaifikia mwishoni. Mimi nafundisha jenetiki. Si shehe, si padri, na si daktari wa wodini, kwa hiyo nikifika penye mpaka wa taaluma yangu nitakwambia.

Tuanze na kunakili kwenyewe, maana tamthilia inaruka hatua zote ngumu. Huko mtoto anaelea ndani ya tangi, akitoka anakabidhiwa joho. Maabara haiendi hivyo. Kila seli ya mwili wako, isipokuwa chache kama chembe nyekundu za damu, ina kiini, na ndani ya kiini mna vinasaba, yaani maelekezo yote ya kujenga mwili. Watafiti wa Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh kule Scotland, walichukua seli zilizotoka kwenye kiwele cha kondoo wa miaka sita. Wakachukua yai la kondoo mwingine, wakakifyonza kiini chake kwa sindano nyembamba sana. Lile yai likabaki na ute wake lakini halina maelekezo. Wakalibandika na seli ya kiwele, wakapitisha umeme kidogo, vikaungana, na yai likaanza kugawanyika kama lililorutubishwa. Kisha likapandikizwa kwenye mji wa mimba wa kondoo wa tatu, jike mwenye uso mweusi. Tarehe 5 Julai 1996 jike huyo akazaa kondoo mwenye uso mweupe, wa aina ya yule wa kiwele. Huyo ndiye Dolly.

Sasa angalia hesabu zake, maana hizi ndizo wasizozisimulia akina mjomba. Mayai 277 yaliunganishwa na seli za kiwele. Yaliyokua mpaka kufaa kupandikizwa ni 29. Yakawekwa kwa kondoo 13. Akazaliwa mmoja. Sababu ya upotevu wote huo ni kwamba seli ya kiwele imeshajifunza kazi ya kiwele. Maelekezo ya kujenga ubongo, figo na mifupa bado yamo ndani yake, lakini yamefungwa. Yai lina saa chache tu za kuyafungua yote upya na kwa mpangilio sahihi, na mara nyingi hushindwa. Ndiyo maana mimba za kunakiliwa huharibika sana. Kondo la nyuma linakua vibaya, vitoto vingine vinakuwa vikubwa kupita kiasi, vingine vinakufa siku chache baada ya kuzaliwa. Dolly mwenyewe aliishi miaka sita na nusu, akalazimika kuuawa kwa huruma Februari 2003 kwa sababu ya uvimbe wa mapafu unaosababishwa na virusi, ugonjwa ambao hata kondoo wa kawaida huupata. Wengine wanasema alizeeka haraka kwa kuwa alinakiliwa. Walikuwepo kondoo wanne waliotokana na kundi lilelile la seli, wakachunguzwa kule Nottingham wakiwa wazee, na walikuwa wanazeeka vizuri tu. Kwa hiyo hilo la kloni, yaani aliyenakiliwa, kuzaliwa mzee msilibebe.

Tangu hapo wamenakiliwa ng'ombe, paka, mbwa, farasi. Nyani wa maabara walichelewa sana. Ni mpaka Januari 2018 ndipo wanasayansi wa Shanghai walipowatangaza ngedere wawili, Zhong Zhong na Hua Hua, nao walitokana na seli za kijusi, si za mnyama mzima. Kwa binadamu, mwaka 2013 maabara moja ya Oregon, Marekani, ilifanikiwa kupata viinitete kwa njia ya Dolly, lakini viliishia kwenye kisahani. Vilitumika kupata seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, kwa ajili ya utafiti wa tiba, havikupandikizwa kwa mwanamke. Desemba 2002 kundi moja la kidini linaloitwa Raelian lilitangaza kwamba mtoto wa kwanza wa kunakiliwa amezaliwa. Waliombwa vipimo vya vinasaba, hawakuvileta. Korea Kusini nako, mtafiti Hwang Woo-suk aliandika mwaka 2004 na 2005 kwamba amepata seli shina kutoka kwa viinitete vya binadamu vilivyonakiliwa. Ikagundulika ni matokeo ya kupikwa.

Huyo mjomba wa Kulwa basi mwulize hivi: hao matajiri wa Ulaya wamepata wapi wanawake wa kutoa mamia ya mayai, na wengine makumi wa kubeba mimba ambazo nyingi zitaharibika, na wote wakanyamaza? UNESCO ilikataza kunakili binadamu kwa lengo la kuzaa katika tamko lake la mwaka 1997, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha tamko lake mwaka 2005, ingawa hilo halina nguvu ya sheria. Nchi nyingi zimetunga sheria zake. Sisemi kwamba watu wenye fedha hawavunji sheria. Nasema kazi hii haifichiki, na mpaka leo hakuna hata mtu mmoja aliyeonyeshwa kwa vipimo.

Nije kwa mtu wa Igoma. Mama, usimpe nywele, usimpe jino, usimpe shilingi. Njia niliyoeleza inahitaji seli hai, au zilizogandishwa zikiwa hai kwenye baridi kali sana kwa utaratibu wa maabara. Unywele uliokatwa kwa mkasi ni mfu tangu ukiwa kichwani; sehemu hai ni mzizi tu, na hata huo hufa ukiachwa kwenye bahasha. Kwenye jino kunaweza kubaki vinasaba vya kutosha kumtambua mtu, kama wanavyofanya polisi, lakini vinasaba vilivyokatikakatika huwezi kuvifanya viamke vianze kujigawa. Yapo makampuni Marekani na Korea Kusini yanayonakili mbwa na paka kwa bei kubwa. Hayo hutaka kipande cha ngozi kibichi, kilichotolewa mnyama akiwa hai au punde tu baada ya kufa. Anayesema "leta nywele, tusubiri teknolojia" anakuuzia subira yako mwenyewe. Kama ameshapokea fedha za watu wengine mtaani, mwenyekiti wa mtaa na polisi wajue.

Lakini tuseme ingewezekana. Tuseme seli za Doto zilihifadhiwa, na kuna maabara inaweza. Nani angezaliwa?

Hapa huhitaji tamthilia, kwa sababu jibu unalo nyumbani. Kama Kulwa na Doto walitoka kwenye yai moja, basi walikuwa kloni wa kila mmoja wao, tena kloni bora kuliko yeyote atakayetoka maabara. (Nasema "kama" kwa sababu kufanana tu hakutoshi, na wote wawili kuwa na seli mundu hakuthibitishi pia: kwa wazazi wote wawili wanaobeba jeni hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Kama waliokuzalisha walikwambia kondo lilikuwa moja, hiyo ni dalili kubwa. Kipimo cha vinasaba ndicho hukata shauri.) Mapacha wa namna hiyo wametoka yai moja, wamelala mji wa mimba mmoja, wamenyonya ziwa moja, wamekulia nyumba moja, mwaka mmoja. Mtoto wa maabara angetumia yai la mwanamke mwingine, na ndani ya ute wa yai mna vinasaba vichache vya ziada ambavyo vingekuwa vya huyo mwanamke. Angebebwa na tumbo jingine, angezaliwa miaka kumi na kitu baadaye, kwenye nyumba yenye msiba ndani yake.

Na hata hao wa yai moja hawakuwa mtu mmoja. Alama zao za vidole zilikuwa tofauti, maana vidole huchorwa tumboni kwa kusukumwasukumwa na maji na kwa mahali kijusi kilipolala. Kule Texas mwaka 2001 walimnakili paka wa rangi tatu, mwenye mabaka ya machungwa. Mtoto aliyezaliwa hakuwa hata na doa la machungwa, kwa sababu jeni ya rangi hiyo hufungwa au kufunguliwa kwa bahati katika kila seli kijusi kikiwa kichanga. Kama vinasaba vilevile haviwezi kurudisha hata manyoya yaleyale, vitarudishaje mtoto? Kumbukumbu za Doto, yaani wimbo alioupenda na namna alivyokuwa akikuita, hazikuandikwa kwenye kiini cha seli. Zilikuwa kwenye mishikamano ya ubongo wake, na hiyo hakuna anayeinakili.

Kitu kimoja tu kingerudi bila kukosea, nacho ni seli mundu. Ugonjwa huo ni herufi moja iliyobadilika kwenye jeni inayotengeneza himoglobini, na anayenakiliwa anapewa herufi ileile. Ungepata mtoto mchanga mgeni, mwenye ugonjwa wa Doto, asiyemjua Doto. Samahani kwa kuliweka wazi hivyo. Nadhani ulishalihisi.

Sasa roho. Hapa taaluma yangu inaishia, kwa sababu hakuna darubini iliyowahi kuiona, wala kuona kwamba haipo. Ila naweza kukuonyesha jambo moja: mafundisho ya dini zetu yalishakutana na swali hili kabla ya Dolly, kwa sababu mapacha walikuwepo. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kila roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, haitokani na wazazi. Kwa mafundisho hayo roho haigawanyiki yai linapogawanyika, na hata mtu ambaye angetokea maabara angekuwa na ya kwake. Kanisa linapinga kunakili binadamu, na linapinga kitendo cha anayefanya, bila kusema kwamba atakayezaliwa ni kopo tupu. Kwa Waislamu, Kurani inasema roho ni katika mambo ya Mola, na binadamu hawakupewa elimu isipokuwa kidogo. Na mimba ya mapacha kila kijusi hupuliziwa roho yake. Mwaka 1997 jopo la kimataifa la fikihi, yaani sheria za Kiislamu, lenye makao yake Jeddah lilipokataza kunakili binadamu, hoja zilikuwa za nasaba, ndoa na heshima ya mtu. Ukitaka undani zaidi, nenda kwa padri, mchungaji au shehe unayemwamini, tena nenda na Kulwa mwenyewe aulize kwa mdomo wake. Wengi watafurahi kuulizwa swali lenye akili namna hiyo.

Shangazi naye tusimwonee. Usukumani kuzaa mapacha lilikuwa jambo zito lenye miiko na ngoma zake, na hofu ya kwamba mmoja akiondoka mwingine atafuata ilikuwa na chanzo cha kweli: mapacha huzaliwa mara nyingi kabla ya wakati na wadogo, na zamani waliopoteza mmoja walipoteza wote mara nyingi. Waliona jambo halisi, wakalipa sababu waliyokuwa nayo. Lakini desturi zilezile zinampa kila mmoja jina lake. Aliyetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Hakuna aliyewahi kuwaita kwa jina moja. Na mtoto anayepewa jina la babu yake, mama yake akawa anamwita "baba" na watu wakacheka, hakuna anayedhani babu amerudi kudai ng'ombe wake.

Nikifika kwa mfalme nitakaa kidogo, kwa sababu ndiye aliyemtia Kulwa hofu, na nadhani Kulwa amesoma somo tofauti na lililokuwepo. (Kama mtu hapo nyumbani hajaimaliza sizoni ya kwanza, aruke aya tatu zinazofuata.) Tamthilia hiyo ilianza mwaka 2021, na msingi wake ni vitabu vya Isaac Asimov. Ila nasaba ya wafalme wa kunakiliwa haimo kwenye vitabu. Waliiongeza watengenezaji wa televisheni. Mfalme Cleon wa kwanza hakutaka kufa, akaagiza anakiliwe bila kikomo. Wakati wote kuna watatu: kijana anayeitwa Mapambazuko, mtu mzima anayeitwa Mchana ambaye ndiye mtawala, na mzee anayeitwa Machweo. Mtoto mpya akiletwa, mzee anageuzwa majivu, kila mmoja anapanda ngazi.

Basi anatokea mhubiri mmoja, Halima, kiongozi katika dini yenye waumini matrilioni, anasema wazi kwamba watawala hawa hawana roho. Mchana anajua hatari yake: raia wakiamini hivyo, ufalme hauna mizizi. Ndipo anaamua kutembea ile njia ya mzunguko kwenye jangwa la chumvi, kilomita zaidi ya 150 bila chakula wala maji, ambako mwenye roho hupewa maono. Anafika akiwa hoi, midomo imepasuka. Anatoka pangoni anasimulia ua lenye petali tatu, waumini wanapiga magoti, Halima anashindwa. Kisha anamwamuru Demerzel, mtumishi wake ambaye ni roboti, amuue Halima kwa sumu hata hivyo. Na mwisho tunaambiwa ukweli: hakuona chochote.

Kulwa bila shaka amehitimisha: hakuona kitu, kwa hiyo kloni hana roho. Mimi naiona kinyume. Yule mtu aliogopa, akaona aibu, akatamani kuwa kitu asichoweza kuthibitisha, akadanganya ili asidharaulike. Hayo yote ni ya binadamu, tena ya binadamu wa kawaida kabisa. Wangapi wanatoka kwenye mkesha wa maombi hawakuona maono, na kesho yake wanasimulia ya jirani?

Uongo wa ule ufalme uko kwenye kiti. Kila Cleon anayezaliwa ni mtoto mpya, lakini nchi nzima inalazimishwa kumwita yule wa zamani. Angalia kijana Mapambazuko: macho yake hayatofautishi rangi kama ndugu zake. Kasoro ndogo tu, ambayo kwa mtoto wa Mabatini ingeishia kwenye utani wa darasani. Kwake ni hukumu ya kifo. Anaificha, inagundulika, na Demerzel anamvunja shingo, wakati Mchana mwenyewe alikuwa ameshaanza kusita. Baadaye inajulikana kwamba vinasaba vya yule Cleon wa kwanza vilichezewa na waasi, na huenda hata Mchana si nakala safi. Hapo ndipo utajua nani anatawala. Mfalme anadhani yeye ndiye nasaba. Mwenye kushika funguo za tangi, anayemlea, anayeamua yupi ni sahihi na yupi ni kasoro, ndiye mwenye dola. Sizoni ya pili inalisema hilo waziwazi.

Huku kwetu utawala wa watemi ulikuwa na mambo yake mabaya, sitaupamba. Lakini kwa desturi ya zamani ya Usukuma utemi ulikwenda kwa watoto wa dada, na wazee wa baraza, banang'oma, walichagua miongoni mwao anayefaa. Mtemi aliyeshindwa na nchi, mvua ikagoma na njaa ikaingia, aliweza kuondolewa. Kulikuwa na mlango wa kusema "huyu hapana, yule." Ukipata Jumamosi mpeleke Kulwa makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, akaone ngoma za watemi. Utawala wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963, ngoma bado zipo. Cleon yeye alitaka kuufunga ule mlango moja kwa moja: asichaguliwe mtu, asizaliwe mtu.

Na kibaolojia ni mpango mbovu. Muulize mkulima yeyote wa Misungwi. Muhogo tunaupanda kwa pingili, na kila pingili ni kloni wa mti ilikokatwa. Shamba zima linaweza kuwa mti mmoja uliorudiwa. Faida ni kwamba ukipata mmoja mtamu, wote watamu. Hasara ilionekana miaka ya 1990, ugonjwa wa muhogo wa batobato kali ulipotokea Uganda ukazunguka ziwa: inzi weupe wanaleta virusi, mti mmoja ukishindwa yote imeshindwa, na ukikata pingili za msimu ujao unakata na ugonjwa ndani yake. Watafiti wa kilimo wa Ukiriguru wamehangaika miaka na miaka kuchanganya aina ili wapate zinazohimili. Kinachoziokoa ni kuchanganya. Nasaba ya wafalme ishirini wenye jeni zilezile ni shamba la pingili za mti mmoja, tena bila bwana shamba.

Nirudi kwako. Kulwa akiuliza tena amebaki na nini, usimpe maelezo yote haya. Mwambie Doto alikuwa na ya kwake akaenda nayo, na wewe una ya kwako. Kisha mwache aseme. Mtoto wa miaka hiyo aliyefiwa na pacha wake mara nyingi anauliza kuhusu roho, kumbe anauliza kama ruhusa ipo ya kuendelea kuishi, kufaulu, kuvaa nguo ambazo mwenzake hakuvaa. Na ndugu waache kumwambia "ukikuangalia wewe tunamwona Doto." Wanasema kwa upendo, lakini wanampa kazi ya yule kijana Mapambazuko, kuwa nakala isiyokosea. Usimnyang'anye tamthilia, kaa uangalie naye. Ukiona halali, hali, darasani kaporomoka, au anazungumza habari za kumfuata mwenzake, hiyo usisubiri likizo iishe. Mpeleke hospitali aonane na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, na akitamka kutaka kufa, ni siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Nawe pia, kama hujawahi kukaa na mtu ukamwongelea Doto mpaka mwisho, nenda.

Halafu seli mundu. Mapacha wa yai moja wenye ugonjwa huu hawapati makali yaleyale. Mmoja anaweza kulazwa mara kwa mara, mwenzake mara chache, kutegemea maambukizi, malaria, lishe, hata bahati. Kilichompata Doto hakijaandikwa kwa Kulwa. Kanda yetu ya ziwa ina wabebaji wengi wa jeni hii, takriban mtoto mmoja kati ya watano, kwa hiyo madaktari wa hapa wanaijua. Kama Kulwa hana kliniki ya kudumu, ianzieni hospitali ya Bugando au Sekou Toure. Uliza kuhusu dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na kulazwa kwa wengi wanaoitumia vizuri. Uliza pia kama amewahi kupimwa mtiririko wa damu wa ubongo, kipimo kinachotazama hatari ya kiharusi kwa watoto. Homa, kifua kubana, pumzi kuwa fupi, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, macho na viganja kuwa vyeupe, au mkono kulegea upande mmoja: hayo ni ya kukimbilia hospitali hata saa nane usiku.

Ukienda kliniki, beba na kadi za Doto kama unazo, na uwaambie alifariki kwa nini kadiri unavyojua. Daktari wa Kulwa anaweza kuhitaji kuzisoma.